Kiarabu ninacho, Kimongolia sina: naweza kuandika tasnifu juu ya Wamongolia?

Hamad_Wete

Assalaam alaykum wanajukwaa, na wengine habari za jioni.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia. Mada niliyompelekea msimamizi wangu ni Wamongolia na majirani zao, karne ya 13 na ya 14. Kaisoma mbele yangu, kaifunga, kaniuliza: Kimongolia unakijua? Nikasema sikijui. Kichina? Sikijui. Kiajemi? Nacho sina. "Basi utakariri tu waliyoandika Wazungu," kasema, "tafuta mada ya karibu." Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi nirudi na hoja ya kumridhisha au na mada nyingine.

Nilichonacho ni Kiarabu. Chuoni nimekaa tangu sijang'oka meno ya utoto, nahau na sarufi nimesomeshwa hasa, na kitabu kisichotiwa irabu nakisoma bila taabu. Na hicho Kiarabu ndicho kilichonitia katika jambo hili. Nilifungua al-Kamil ya Ibn al-Athir natafuta habari nyingine kabisa, nikaangukia mwaka 617 wa Hijria, pale Watatari (ndivyo anavyowaita Wamongolia) wanapoingia nchi za Kiislamu. Bwana yule anasema alikaa miaka kadhaa akikwepa kuliandika tukio lile, anatanguliza mguu mmoja anarudisha mwingine, na anatamani mama yake asingemzaa. Mwandishi wa tarikh huyo, aliyekwisha kuandika vita vya karne na karne! Nilisoma mpaka nikasikia adhana ya alfajiri.

Ukienda mbele, mwaka 628, anasimulia aliyoyasikia kuhusu Mtatari aliyemkamata mtu lakini hana silaha ya kumuulia. Akamwambia: laza kichwa chako chini, usiondoke. Yule mtu akalaza kichwa, akangoja. Mtatari akaenda zake kutafuta upanga, akarudi nao, akamuua. Kisa hiki hakinitoki.

Sasa nasikia Wamongolia nao wana kitabu chao wenyewe, kinaitwa Historia ya Siri. Kinasemaje? Na hizi idadi za waliouawa, mji mmoja watu milioni na zaidi, wataalamu wanazichukuliaje? Na swali kubwa: mtu mwenye Kiarabu tu ana nafasi katika elimu hii, au msimamizi wangu kasema kweli?

Kichwa_Mchungu

Sheikh, una moyo. Mimi ninalolijua kuhusu Genghis Khan ni moja tu, kwamba leo kuna wanaume milioni 16 duniani ni wajukuu zake, wamepimwa damu wakaonekana. Andika hilo, uone kama msimamizi hatakaa vizuri kitini.

Nasra_Budapest

Kichwa_Mchungu, hilo nalo lina mambo yake. Utafiti wa mwaka 2003 ulikuta tawi moja la kromosomu Y limeenea kwa takriban asilimia 8 ya wanaume katika eneo kubwa la Asia, kuanzia Pasifiki hadi Bahari ya Kaspi. Hicho ndicho kilichopimwa. Jina la Genghis Khan lilibandikwa juu yake kwa kukisia, kwa kuwa umri wa tawi na mahali lilipoenea vilielekea kwake. Kaburi lake hakuna anayelijua lilipo, kwa hiyo hakuna mfupa wa kulinganishia. Mwaka 2018 watafiti wengine wakachambua tena tawi lilelile kwa undani zaidi, wakasema linaelekea kwa Wamongolia wa kawaida, si kwa mfalme. Ila habari ya pili haina utamu wa ile ya kwanza, ndiyo maana haikusambaa.

Kaka Hamad, wa alaykum salaam. Mimi nasoma Hungaria, chuo kikuu cha ELTE, ambako elimu ya Wamongolia ina mizizi mirefu. Lajos Ligeti wa hapa alikwenda Mongolia ya Ndani mwishoni mwa miaka ya 1920 kutafuta vitabu na lugha. Nakujibu kwa yale ninayoyashika kila siku.

Historia ya Siri ndiyo iliyonileta huku. Inaanza na mbwa mwitu wa rangi ya buluu ya kijivu na mke wake paa, wanavuka maji, wanatua penye chanzo cha mto Onon chini ya mlima Burkhan Khaldun. Mpaka hapo utasema ni ngano ya ukoo kama ngano zote. Lakini endelea. Yesugei anampeleka mwanawe Temujin, mtoto wa miaka tisa, kwa wakwe zake watarajiwa, na wakati wa kuaga anawaambia: mwanangu anaogopa mbwa, msiache mbwa wakamtisha. Huyo mtoto ndiye Genghis Khan! Kurasa chache mbele Yesugei amekufa, familia imetelekezwa na ukoo, inakula mizizi na samaki. Temujin na mdogo wake Qasar wanagombana na Bekter, ndugu yao wa baba mmoja, kwa sababu ya samaki mmoja na ndege mdogo waliyonyang'anywa. Wanamnyemelea akiwa amekaa juu ya kilima, mmoja mbele mmoja nyuma, wanampiga mishale wanamuua. Mama yao Hoelun akiwatazama tu nyuso anajua walilolitenda, na anawashukia kwa maneno makali, anawafananisha na kila mnyama mwenye kudhuru.

Nani anaandika hivi kuhusu mwanzilishi wa dola? Wenye ukoo wenyewe, kwa ajili yao wenyewe. Halikuwa tangazo la kusomewa watu wa nje. Humo humo Chaghadai anamwambia kaka yake Jochi mbele ya baba yao kwamba ni mtoto wa Wamerkit, kabila adui, kwa sababu mama yao aliwahi kutekwa. Aliyeandika hajulikani. Mwishoni imetajwa tu kwamba iliandikwa mwezi wa saba wa mwaka wa Panya, kando ya mto Kerulen, wakati wa mkutano mkuu. Mwaka wa Panya hurudi kila baada ya miaka 12, kwa hiyo wataalamu bado wanavutana: 1228, 1240 au 1252.

Sasa ole wako. Ile asili ya Kimongolia imepotea. Iliyopo ilinusurika kwa sababu Wachina wa enzi ya Ming waliandika sauti za Kimongolia kwa herufi za Kichina, silabi kwa silabi, wapate kufundishia wakalimani. Ukitaka kuisoma kwa uhakika unahitaji Kimongolia cha kale na Kichina cha karne ya 14, vyote viwili. Igor de Rachewiltz, aliyekuwa Canberra, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake hapo, na toleo lake la mwaka 2004 lina maelezo mengi kuliko matini yenyewe. Huko usiende kwa tasnifu ya uzamili. Isome kwa tafsiri, itaje, pita.

Na utaona jambo: vita vile ambavyo Ibn al-Athir anaviona mwisho wa dunia, Historia ya Siri inavipita mbio mbio. Ugomvi wa samaki umepata nafasi ya kupumua kuliko miji ya Khurasan.

Kuhusu "kukariri ya Wazungu", mwambie msimamizi wako, kwa adabu, kwamba Dorji Banzarov alikuwa Mburyati (watu wa jamii ya Wamongolia walioko Urusi), akasoma Kazan, na mwaka 1846 akaandika juu ya dini ya kishamani ya watu wake. Tsyben Zhamtsarano, Mburyati mwingine, alizunguka akiandika tenzi za waimbaji wazee, mwaka 1921 akawa miongoni mwa waanzilishi wa kamati ya maandiko huko Mongolia, na mwaka 1942 akafia gerezani Urusi ya Kisovieti. Tsendiin Damdinsuren ndiye aliyewapa Wamongolia Historia ya Siri kwa lugha yao ya leo, mwaka 1947. Wenyewe hawakungoja kuandikwa. Walichokosa mara nyingi ni ruhusa. Mwaka 1962 walipoadhimisha miaka 800 tangu kuzaliwa Genghis Khan, wakasimamisha mnara kule Dadal na kutoa stempu, Moscow haikufurahi, na Tomor-Ochir, kigogo wa chama aliyekuwa nyuma ya sherehe, akapoteza vyeo.

Halafu wapo wanaochunguza zama hizo bila lugha yoyote. Kuna misonobari iliyoota juu ya miamba ya zamani ya volkano Mongolia ya kati, mingine imekufa lakini haijaoza kwa baridi na ukavu. Waliosoma pete zake walitoa matokeo mwaka 2014: kati ya 1211 na 1225 nchi ile ilipata miaka mfululizo ya mvua na joto la wastani, jambo ambalo halikuonekana tena katika zaidi ya miaka elfu moja ya pete hizo. Mvua ni nyasi, nyasi ni farasi. Haielezi kila kitu, lakini ukisikia mtu anasema walitoka kwa sababu ya njaa na ukame, muulize ameusoma mti gani.

Mkutubi_Mstaafu

Hamad mwanangu, salamu zako nimezipokea. Nasra ameeleza vizuri sana, mimi naongeza upande wa Kiarabu kwa sababu ndiko nilikofanyia kazi. Nimekaa maktaba ya chuo kikuu maisha yangu yote ya ajira, idara ya vitabu vya Kiarabu na miswada.

Kwanza hizo idadi. Iliyo maarufu ni ya mji wa Merv huko Khurasan, mwaka 1221, nayo inatoka kwa Juvayni, mwanahistoria wa Kiajemi. Anasema sayyid mmoja, Izz al-Din Nassaba, pamoja na wenzake walikaa siku 13, usiku na mchana, wakihesabu maiti walioonekana wazi, bila waliouawa kwenye mashimo na mapango, wakapata 1,300,000 na zaidi. Chukua kalamu. Hiyo ni maiti 100,000 kwa siku. Kwa saa ni zaidi ya 4,100. Kwa dakika 69, bila kulala, bila kula, bila kuswali, siku 13. Mimi nimehesabu vitabu rafu kwa rafu wakati wa kukagua maktaba, vitabu vimesimama vimepangwa vina namba mgongoni, na ninajua kundi la watu linafika wapi kwa siku.

Usikimbilie kusema Juvayni mwongo. Merv iliangamizwa, hilo halina ubishi. Jiulize yeye ni nani. Amezaliwa 1226, baada ya tukio. Ukoo wake ulimtumikia Khwarazmshah, mfalme aliyetawala nchi hizo kabla ya Wamongolia, ukaja kuwatumikia Wamongolia. Mwenyewe alifika Karakorum, mji mkuu wa Wamongolia, huko ndiko alikoanza kuandika kitabu chake, na baada ya Baghdad kuanguka Wamongolia wakampa kuitawala. Anawalilia watu wa Khurasan, watu wake, na huku anakula mkate wa waliowaua. Idadi kubwa inamfaa kwa pande zote mbili: ni kilio, na pia ni sifa kwa bwana wake. Kwa hiyo 1,300,000 inakuonyesha Juvayni alisimama wapi. Wakazi wa Merv walikuwa wangapi, hiyo haikwambii.

Ibn al-Athir naye alikuwa Mosul. Hakumwona Mtatari wa Khurasan hata mmoja; aliandika ya wakimbizi na wafanyabiashara. Kile kisa cha kichwa na upanga kilichokunyima usingizi, kisome upya. Hoja yake ni hofu iliyowaingia watu, anakisimulia kuonyesha hofu, na yeye mwenyewe anaeleza kuwa ni jambo alilosimuliwa. Kwa mtafiti wa hofu, hicho ni chanzo safi. Kwa mtafiti wa vita, ni cha kushika kwa ncha za vidole.

Sasa lugha. Msimamizi wako ameuliza maswali mazuri lakini amesahau moja, hakukuuliza unajua nini. Kiarabu si lugha ya pembeni katika elimu hii. Al-Nasawi, katibu wa Sultani Jalal al-Din aliyekimbizwa na Wamongolia kutoka Khurasan mpaka Azerbaijan, aliandika kwa Kiarabu, na yeye alikuwemo ndani ya msafara. Al-Umari wa Dameski na Kairo ameandika milango mizima juu ya dola nne za Wamongolia. Hata Rashid al-Din, waziri wa Tabriz, aliyepata habari za koo za Kimongolia kutoka kwa Bolad, balozi aliyetumwa na Qubilai, Khan Mkuu wa Wamongolia, akabaki Iran, kitabu chake kilinakiliwa kwa Kiajemi na kwa Kiarabu. Kipande cha nakala ya Kiarabu chenye picha kiko Edinburgh mpaka leo.

Lakini kama ni mimi, nisingekupeleka kwa hao. Ningekupeleka kwa mkutubi.

Jina lake Ibn al-Fuwati. Amezaliwa Baghdad 1244. Wamongolia walipouingia mji, Februari 1258, alikuwa mvulana, wakamchukua mateka. Baada ya miaka kadhaa akawa mikononi mwa Nasir al-Din al-Tusi, yule mwanafalaki aliyejengewa na Hulegu, mtawala wa Kimongolia aliyeiteka Baghdad, kituo cha kutazama nyota kule Maragha, Iran. Tusi akampa maktaba ya kituo aishike. Fikiria mtoto wa Baghdad, ameona mji wake ukichomwa, sasa anapanga vitabu, na baadhi ya vitabu hivyo vilitoka Baghdad. Baadaye akarudi kwao, akashika maktaba ya Mustansiriyya, madrasa ile ile ya Makhalifa, ambayo jengo lake lipo hadi leo kando ya Tigris. Akafa 1323.

Miaka yote hiyo alikuwa anaandika watu. Kila mgeni aliyefika Maragha, msomi, tabibu, mshairi, mwandishi wa hati nzuri, mwana wa amiri, anamwandikia mistari michache: katoka wapi, kaja mwaka gani kwa bwana wetu Nasir al-Din, kasoma kwa nani, kaninakilia nini. Kamusi yake kaipanga kwa lakabu, yaani majina ya heshima kama Izz al-Din, si kwa majina yenyewe. Sehemu kubwa imepotea. Iliyosalia ni takriban kuanzia herufi ayn mpaka mim, kwa hiyo wale wa Izz al-Din, Imad al-Din, Fakhr al-Din, Kamal al-Din na Majd al-Din tunao, na wale wa Jamal al-Din na Shams al-Din wamekwenda na maji. Imechapwa, ina juzuu kadhaa, Kiarabu chake si kigumu kwa mtu aliyesoma nahau.

Unajua ile habari ya Tigris kuwa mweusi kwa wino wa vitabu vilivyotupwa? Kila mtu anaijua. Mweke Ibn al-Fuwati mbele yake. Vitabu vingi viliangamia, sikatai, lakini mtu huyu anaishi baada ya 1258 ndani ya maktaba zenye vitabu, ndani ya Baghdad yenyewe, na watu wanaendelea kusoma na kunakili. Michal Biran wa Jerusalem ameandika juu ya vitabu na maktaba za Baghdad ya Wamongolia akimtumia yeye sana. Na utakutana na taarifa kwamba maktaba ya Maragha ilikuwa na vitabu 400,000. Hiyo nayo ipigie hesabu kama tulivyoipigia Merv. Hatuwezi kukataa namba ya maiti tukakubali ya vitabu kwa sababu tunapenda vitabu.

Mwana_Kilwa

Bi Mkutubi, shikamoo. Na Ibn Battuta je? Hamad ameambiwa atafute mada ya karibu. Ibn Battuta amefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, kaketi na Sultani Hasan, kamsifu kwa ukarimu, na miaka michache baadaye yuko kambini kwa Ozbeg Khan, mtawala wa Kimongolia wa uzao wa Genghis Khan, kaskazini ya Kaukasi. Karibu na mbali kwa kalamu moja!

Halafu kuna sehemu ya wanawake huko, mimi huisoma nikacheka peke yangu. Anashangaa jinsi wanawake wa Kituruki na Kitatari walivyo na heshima, anasema wamewapita wanaume kwa hadhi. Anamwona mke wa amiri anashuka garini, wajakazi wanashika pindo za nguo yake, na amiri mwenyewe anasimama kumlaki. Kisha wake za wafanyabiashara sokoni, uso wazi, wanauza maziwa na kununua manukato, na mume akifuatana na mkewe kavaa koti la ngozi ya kondoo, mtu asiyejua humdhania mtumishi wake.

Mkutubi_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kisa cha koti nami nakipenda. Lakini Ibn Battuta amechoka, kila mtu amempanda. Na usisahau kwamba hakuandika mwenyewe, alimsimulia Ibn Juzayy kule Fez baada ya kurudi, na Ibn Juzayy alijaza kwa kuchukua kwa waliotangulia. Safari yake ya Bulghar, mji wa mto Volga, hasa wengi hawaiamini. Kama Hamad atamtumia, amtumie katika sura ya kwanza kumfungulia msimamizi mlango, aone kwamba msomaji mmoja wa Kiarabu cha karne ya 14 aliweza kuiweka Kilwa na kambi ya Ozbeg katika kitabu kimoja. Akishaingia, afunge.

Hamad_Wete

Shikamoo Bi Mkutubi, na ahsante sana. Dada Nasra, Mungu akuzidishie. Jana nimeipata ile kamusi, juzuu mbili za mwanzo, nimeanza na wa Izz al-Din. Kweli Kiarabu chake ni chepesi, ila majina ya Kituruki na Kimongolia yananitoa jasho.

Lakini nina wasiwasi. Msimamizi nitamwambia Ibn al-Fuwati, atanijibu hiyo ni historia ya Baghdad na wanazuoni wake, Wamongolia wako wapi hapo? Nami sitaki mada ambayo Wamongolia ni moshi tu kwa mbali.

Nasra_Budapest

Kaka, nani alilipa? Hulegu. Kituo cha nyota kilianza kujengwa 1259, mwaka mmoja tu baada ya Baghdad, na alikitaka kwa sababu zake: mtawala wa Kimongolia hakwenda vitani wala hakuhama kambi bila kutazamiwa siku, na alikusanya watabiri wa kila taifa, maana huyu akikosea mwingine atapatia. Ndiyo maana Maragha unakuta Waajemi, Waarabu, Wasiria, na hata wajuzi wa kalenda kutoka Uchina. Thomas Allsen, katika utafiti wake wa 2001, alishika hoja hii hasa: Wamongolia walikuwa wanachagua. Walichukua mafundi, watabibu, wapishi, wanafalaki, wakawahamisha kutoka pembe moja ya dola kwenda nyingine kwa mahitaji yao wenyewe. Watu wengi walidhani wao walikuwa njia tu ambayo utamaduni wa wengine ulipitia. Allsen anasema hapana, wao ndio waliokuwa wanaamua nini kipite.

Kwa hiyo kwenye kila mstari wa Ibn al-Fuwati uliza: huyu nani kamleta Maragha, kwa amri ya nani, kwa mshahara wa nani? Hapo Wamongolia watakuwa wamekaa katikati ya ukurasa. Majina yakikushinda niandikie hapa hapa, mengi nitayatambua.

Kichwa_Mchungu

Mimi nimekaa kimya nasoma tu. Huyo mkutubi aliyetekwa mtoto, kwenye kamusi yake anawasema vibaya waliomteka?

Mkutubi_Mstaafu

Swali zuri kuliko lako la kwanza. Anaandika tukio la Baghdad kwa neno moja, anasema "alifariki katika waqi'a" (yaani tukio) au "aliokoka katika waqi'a", na anaendelea na habari za mtu. Mabwana wa Kimongolia wanaopita anawaandika kwa heshima ya kawaida ya waandishi. Ukitaka machungu yake huyapati waziwazi. Mimi nadhani yako katika ule uchoyo wake wa kutompoteza mtu hata mmoja, lakini hiyo ni dhana ya mkutubi, Hamad usiiandike.

Hamad_Wete

Bi Mkutubi, nimejaribu kichwa, naomba uniangalizie kabla sijakipeleka: "Mchango wa Wamongolia katika Kuhamisha Wanazuoni na Vitabu kwa mujibu wa Ibn al-Fuwati, 1258 hadi 1323".

Mkutubi_Mstaafu

Toa "mchango", si harambee. Miaka ni mingi mno kwa uzamili. Anzia 1259, kituo kinapoanza, ishia 1274, Tusi anapofariki. Vitabu viache kwa ajili ya uzamivu, baki na watu. Na uchukue lakabu mbili tu, tuseme Izz al-Din na Fakhr al-Din, usome kila jina lililomo, waliofika Maragha na wasiofika, ndipo msimamizi ataona una mipaka. Katika pendekezo mwandikie pia kwamba unaanza Kiajemi muhula huu, na uanze kweli. Hati unaijua tayari, herufi ngeni ni nne, na msamiati nusu utakuwa unaufahamu. Ukikwama kwenye juzuu ya pili nitafute, nina faharasa yake niliyoichapa mwenyewe wakati wa kazi.